Usisubiri Maabara ya Kompyuta: Ramani za Kidijitali Nilivyozifundisha kwa Laptopu Moja na Madimbwi ya Uwanjani

Wiki hii nimepata meseji kutoka kwa mwalimu mwenzangu wa jiografia, na swali lake nimeshaulizwa na wengi: "Mwalimu, nataka kuanza GIS na wanafunzi wangu ila shule haina maabara ya kompyuta ya maana na mtandao ni wa kubahatisha, nisubiri au nianze?" GIS ni mifumo ya kompyuta ya kutengeneza na kuchambua ramani. Nilitaka nimjibu kwa mistari miwili nikajikuta naandika mpaka usiku, kwa hiyo nimeona niweke hapa tusome wote, maana najua kama umefika kwenye makala hii na wewe ni wa kundi hilohilo, unataka wanafunzi waielewe dunia, siyo wakariri tu majina ya mito na milima.

Jibu fupi: anza. Jibu refu ndo hili, na litakuwa refu kweli, maana hili jambo limenipa uchungu na furaha kwa pamoja.

Mi nilianza na laptopu yangu mwenyewe, projekta ya kuazima na simu za walimu wachache walioniamini. Programu ni QGIS, na mpaka leo ndo naitumia. Ni ya bure, imeanza kutengenezwa mwaka 2002 na inaendelezwa na watu wa nchi nyingi, na ukishaiweka kwenye mashine inafanya kazi bila intaneti kabisa, kwa hiyo mtandao wa kubahatisha usikutishe, unapakua data mapema ukiwa sehemu yenye mtandao, mfano barabara na majengo kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, halafu unaingia nazo darasani. Kuzungusha dunia kwenye skrini watoto wanapenda sana, ila mi sikutaka tuishie kwenye kushangaa. Nilitaka watengeneze ramani yao, ya kitu chao, ambayo hakuna mtu mwingine anayo.

Kitu chenyewe kilikuwa maji. Mvua ikinyesha uwanja wa shule ulikuwa unajaa madimbwi, kila mtu analalamika, lakini ukiuliza maji yanatuama wapi hasa na yanatokea wapi kila mtu ana jibu lake. Nikawaambia wanafunzi hilo ndo swali letu. Mvua ikikatika tu tunatoka na simu na madaftari, kila kundi na upande wake, wanaandika namba ya dimbwi, latitudo, longitudo, kina kwa rula na saa waliyopima. Tukirudi ndani mmoja anachapa kwenye jedwali, tunalihifadhi kama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu ambalo programu nyingi zinalisoma, tunalifungua kwenye QGIS juu ya picha ya setilaiti. Siku ya kwanza madimbwi ya kundi zima yalitokea mbali kabisa na shule, darasa likanyamaza, kisha binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono, "Mwalimu, hawa wamegeuza, latitudo wameiweka kwenye longitudo." Sikumwambia mimi. Kaona mwenyewe. Kuna wanaofundisha latitudo na longitudo mwaka mzima na mwanafunzi bado anachanganya, wale wangu hawajachanganya tena.

Halafu likaja suala la usahihi. Simu ya kawaida ukiwa sehemu ya wazi inaweza kukosea mita kama tano hivi, na ukisogea karibu na ukuta mrefu au chini ya mti inakosea zaidi, sasa dimbwi lenye upana wa mita mbili utalichoraje? Niliwaeleza kwamba mpaka Mei 2000 Marekani ilikuwa inavuruga makusudi mawimbi ya GPS, yale ya setilaiti yanayoiambia simu iko wapi, kwa raia na kosa lilikuwa linafika kama mita 100, yaani dimbwi letu lingeweza kuonekana nje ya uzio kabisa. Wakakaa wakajadili, wakaja na wazo lao: tupime kwa tepu kutoka kwenye kona za majengo, maana kona zinaonekana vizuri kwenye picha ya setilaiti. Hapo nilijua hawa wameshaelewa ramani ni nini.

Sasa uchungu. Kiongozi mmoja wa shule alitukuta nje, watoto wameinama kwenye tope na simu mkononi, akaniuliza mbele yao kama mtihani wa mwisho utakuwa wa madimbwi. Kwenye kikao cha walimu likarudiwa, watu wakacheka. Sikujibu. Ila niwe mkweli, liliniuma na bado linaniuma, siyo kwa ajili yangu, kwa ajili ya wale watoto waliosikia kazi yao inaitwa mchezo wakati walikuwa wanapima kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kuwaona wakifanya chochote kwenye ubao. Kama na wewe unapitia hayo, ndugu yangu, endelea tu. Usibishane, peleka ramani.

Kilichonitia nguvu ni habari ya daktari John Snow, nikawasimulia na wanafunzi. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu wengi mtaa wa Soho, London, na wengi wakiamini kinaletwa na hewa chafu. Yeye aliwaza ni maji. Alichora kila kifo kwenye ramani, vikaonekana vimejazana kuzunguka pampu moja ya Broad Street. Wengi wanaishia hapo, ila mi napenda zaidi sehemu zilizobaki tupu. Karibu na pampu ileile kulikuwa na nyumba ya maskini yenye watu zaidi ya 500, wakafa 5 tu. Kwa nini? Ilikuwa na kisima chake. Nilipowaambia hivyo kijana mmoja akaenda kwenye skrini akaonyesha kona ya uwanja wetu, sehemu ya chini kabisa, haina dimbwi hata moja. Wakatoka wakachimba kidogo, wakakuta mchanga, wakati kwingine kote ni udongo wa mfinyanzi. Hilo silo nililokuwa nimeandaa kwenye andalio la somo.

Mwinuko nao ulitusumbua. Data za bure zilizokusanywa na chombo cha anga mwaka 2000, wenyewe wanaziita SRTM, pikseli yake moja, yaani kijimraba kimoja cha picha, ni kama mita 30 kwa 30, ni nzuri kwa milima na mabonde lakini uwanja wa shule unaingia kwenye pikseli chache tu, hauoni kitu. Tukachukua mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule mafundi ujenzi wanatumia kusawazisha msingi, tukapima kupanda na kushuka kwa uwanja nukta kwa nukta. Kazi ile ilichosha, siielezi yote. Mwisho wa siku tukapata tabaka la mwinuko, tukaliweka chini ya madimbwi, na jibu likaonekana: maji mengi hayakuwa ya uwanjani, yalikuwa yanashuka kutoka kwenye paa la jengo la upande wa juu.

Na muhula huu, shule ilipotaka kuchimba mfereji, ulikuwa umepangwa upande mwingine kabisa. Wanafunzi wakapeleka ramani. Fundi akaiangalia, akauliza maswali, wakamjibu wao wenyewe mi nimesimama pembeni, akaomba nakala. Mfereji umepita pale ramani ilipoonyesha. Najivunia, siwezi kuficha, na wale waliocheka kwenye kikao sa hivi wanapita juu ya ule mfereji kila asubuhi.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, nisikilize. Anza na swali, programu itafuata. Usianze kwa kufundisha vitufe vya QGIS, hakuna mtoto anayependa vitufe, anapenda kujua kitu. Swali liwe dogo na liwe la hapohapo mlipo: taka zinajaa wapi, kivuli kiko wapi saa sita, kelele zinatoka wapi. Na data wakusanye wenyewe. Narudia, wakusanye wenyewe, maana data ya kupakua ni safi, haimuulizi mwanafunzi kitu, ile aliyoipima kwa mkono wake ikikaa vibaya kwenye ramani anajua kuna jambo. Tunawaambia watoto wafikiri halafu tunawanyima kitu cha kufikiria, hilo tulikatae kabisa.

Wakishakuwa na ramani yao ndipo wapeleke macho mbali. Waonyeshe ramani ya Mercator ya mwaka 1569 inavyoikuza Greenland ikaonekana inakaribiana na Afrika, wakati Afrika ina kilomita za mraba kama milioni 30 na Greenland milioni 2 na kitu, halafu wabadilishe projeksheni, yaani njia ya kulaza dunia ya mviringo kwenye ramani bapa, kwenye QGIS waone umbo linavyohama. Mtoto aliyehangaika na mita tano za simu hataiamini tena ramani yoyote kwa sababu tu imechapishwa.

La mwisho na sitanii kwenye hili. Picha ya simu mara nyingi inabeba majiranukta, yaani latitudo na longitudo, ya mahali ilipopigwa, kwa hiyo kabla hujaweka kazi za wanafunzi mtandaoni ziondoe hizo taarifa, au zima huduma ya mahali kwenye kamera kabla hamjatoka. Na nyumba za watoto zisiwekwe kwenye ramani ya wazi, hata kama ni mradi mzuri wa umbali wa kutembea kuja shule, hata anayeomba awe mkubwa kiasi gani. Mi huwa nagawa eneo kwa miraba mikubwa, tunaandika tu idadi ya wanafunzi kwenye kila mraba, na mraba wenye mtoto mmoja au wawili tunauunganisha na wa jirani. Faili lenye majina linabaki kwenye laptopu yangu na hesabu zikiisha nalifuta.