Bawaba haijifungi, mlango ndio unaojifunga

SWALI: Nanunua bawaba za makabati ya jikoni. Boksi limeandikwa "bawaba zilizofichwa zinazojifunga zenyewe". Fundi seremala wangu anasema bawaba haijifungi hata siku moja. Muuza duka anasema Kiswahili ni hicho hicho. Nani yuko sahihi?

JIBU: Fundi wako. Tena kosa alilolishika ni zito kuliko linavyoonekana.

Katika "zinazojifunga", kile zi- cha mwanzo kinarejea bawaba. Sentensi inasema bawaba zinafunga, na zinachofunga ni zenyewe. Sivyo. Bawaba inakunja na kukunjua. Kinachofungwa ni mlango. Kwa hiyo: "bawaba za milango inayojifunga". Sasa i- ya "inayojifunga" imerudi kwa milango, mahali pake.

Utaniuliza, mbona tunasema "kioo cha kujitazama" na kioo hakijitazami? Hapo kitenzi hakina kiambishi cha mtenda, kwa hiyo msikilizaji anajua mwenyewe kwamba anayejitazama ni mtu. Ndiyo maana "bawaba za kujifunga" ingepita bila kuniudhi. Ukishaandika "zinazo-" umeshamtaja mtenda, na umemtaja asiye. Ila usijaribu "za kujifungia" ukidhani unaboresha, maana anayejifungia ni mtu aliyeingia chumbani akapiga komeo. Na ukiteleza ukaandika "kujifungua", umeshafika wodi ya wazazi.

Mlango una vitenzi vyake, na ninavipenda kwa jinsi vinavyogawana kazi. Mlango umefungwa: kuna aliyeufunga, hata kama hatumtaji. Mlango umefungika: ulikuwa mgumu, pengine ubao ulivimba kwa mvua, sasa umekubali. Mlango umejifunga: hakuna mkono wa mtu. Lakini hilo la mwisho halisemi nguvu imetoka wapi. Upepo wa kusi ukiubamiza mlango wa uani, huo nao umejifunga. Ndiyo maana mafundi huongeza "kwa springi", nami nawaunga mkono. Springi ya bawaba hizi huuvuta mlango ukishakaribia kufika. Zile za bei ya juu zina pia kizuizi kinachoupunguza mwendo usigonge, na hizo ziitwe "za milango inayojifunga taratibu". Tafadhali usiliache neno "taratibu" ukiwa dukani, maana bila hilo utapewa zenye springi tupu, na kila kabati likifungwa utasikia kishindo.

Sasa "zilizofichwa". Hapa ninatofautiana na boksi kwa sababu nyingine. Kilichofichwa kimefichwa na mtu, na kinakaa huko huko, kama fedha chini ya godoro. Bawaba hii ina kikombe kinachozamishwa katika tundu la milimita 35 upande wa ndani wa mlango, na mkono unaopigwa skrubu ubavuni mwa kabati. Ukifungua mlango unaiona yote. Ukifunga, inapotea. Basi bawaba inajificha, na hapa ji- ni halali yake kabisa: "bawaba zinazojificha, za milango inayojifunga". Angalia jinsi ji- mbili zilivyokaa katika maneno machache, kila moja na mwenyewe.

Neno "bawaba" lenyewe limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wa "bab", yaani mlango, na ni ndugu wa "bawabu", mlinzi wa mlangoni. Usiyachanganye: bawabu huyu, bawaba hii, bawaba hizi. "Mabawaba" ninayasikia, lakini wingi wake hauhitaji ma-. Wengine husema hinji, na dukani utaeleweka.

Kabla hujalipa, mweleze muuzaji mlango wako unakaaje: unafunika ubavu wote wa kabati, unafunika nusu kwa kuwa ubavu mmoja unabeba milango miwili, au unaingia ndani ya fremu. Mkono wa bawaba hupinda tofauti kwa kila hali, na boksi lako, kwa maneno yote yale, halikusema ni ipi.