Kabla hujajaza fomu ya kusomea usimamizi wa afya

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wadogo zangu wananiuliza swali lile lile: "Dada, nimekosa udaktari. Nijaze usimamizi wa huduma za afya au afya ya jamii?" Neno "nimekosa" linaniuma kila nikilisikia. Nilisoma fani hii hapa Dodoma nikiwa na kinyongo hicho hicho, nikaubeba karibu miaka miwili, mpaka nilipokwenda fildi.

Nilipangiwa zahanati moja ya kijijini, upande wa Bahi. Kazi yangu ilikuwa kujumlisha vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya taarifa za huduma za afya, mwisho wa mwezi. Kitabu cha wagonjwa wa nje ni kipana, kinajaa meza, na kila mgonjwa ana mstari wake: jina, umri, kijiji, kipimo, ugonjwa, dawa. Nilijumlisha siku nzima, nikaona wagonjwa wa malaria wameshuka sana kuliko mwezi uliotangulia. Nikachora grafu nzuri, nikampelekea mganga mfawidhi, msimamizi wa zahanati, nikitegemea sifa.

Mama yule hakusema kitu. Alifungua kabati, akatoa boksi la vipimo vya haraka vya malaria, akaligeuza juu chini. Tupu. Kisha akarudi kwenye kitabu, akaweka kidole kwenye wiki ya pili na kuanza kushuka nacho: homa, homa, homa. "Mwanangu, malaria haikushuka. Vipimo viliisha."

Nilikaa chini. Ripoti ile ingefika halmashauri, ikaingizwa kwenye mfumo, na mtu wa mjini angeiona kama ushindi. Tena maombi ya vipimo na dawa kwenda Bohari ya Dawa hufuata matumizi. Usipoandika siku ambazo bidhaa haikuwepo, matumizi yako yanaonekana madogo, unaletewa kidogo tena, na mtoto mwenye homa anarudishwa nyumbani bila kupimwa. Siku hiyo kinyongo kilinitoka. Niliona kwamba mstari mmoja ukiandikwa vibaya, anayeumia ni mtu ambaye hutamwona kamwe.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: kabla hujajaza fomu, nenda zahanati iliyo karibu na kwenu, uombe kukaa siku mbili tatu. Vitabu vile vina siri za watu, kwa hiyo usidai kuvifungua. Angalia tu jinsi kazi inavyokwenda. Ukiona kuandika kule ni usumbufu mtupu, fani hii itakuchosha.

Kuhusu kuchagua kati ya hizo mbili, sitakuzungusha. Usimamizi unahusu watu, fedha, dawa na majengo, na kada yake serikalini ni katibu wa afya. Afya ya jamii inauliza kwa nini watu wanaugua kabla hawajafika mlangoni. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua, macho yakawa ya njano, matumbo yakavimba, wengine wakafariki. Mwanzoni ulionekana ugonjwa usiojulikana. Ilibainika ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu, kwenye mahindi. Wodini mgonjwa anatibiwa, lakini lazima awepo wa kwenda nyumbani kuuliza mahindi yalianikwa wapi na yalihifadhiwaje. Kama swali hilo linakukosesha usingizi, jaza afya ya jamii.

Chuoni, usidese takwimu. Narudia: usidese. Wengi wetu tulikariri fomula, tukapita, kisha kazini tukashindwa kusoma jedwali moja la chanjo. Uhasibu pia uchukulie kwa uzito, maana siku hizi fedha zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, na kamati ya wanakijiji ina haki ya kukuuliza zilikwenda wapi. Jifunze kuwaeleza bima ya afya kwa lugha yao. Wakati wangu ilikuwa CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii: shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Mama mmoja aliniuliza, "Na wa saba je?" Hakuna mhadhara ulionifundisha kujibu hilo, na bado nadhani ni swali la haki.

Jua mapema pia nani ana mamlaka wapi. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya halmashauri, yaani upande wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Sera na hospitali za rufaa ni za Wizara ya Afya. Nimeona barua nzuri ikilala wiki kadhaa kwa sababu ilipelekwa mlango usio wake.

Kozi yenyewe ihakiki: shahada kwa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), stashahada na cheti kwa NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi), kabla hujalipa hata senti. Ajira za serikali huchelewa, hilo nalo liweke moyoni tangu sasa.

Ukipangiwa kijiji cha Wagogo, anza na salamu yao, "Mbukwenyi", kabla ya kufungua daftari; wazee watakusogezea kigoda. Na fildi ikiangukia Julai, beba sweta. Upepo wa huku asubuhi unakata, na akina mama wa kliniki hufika saa moja, watoto mgongoni, kabla mlango haujafunguliwa.