Namna ya Kuipima Nyumba ya Kulelea Wazee Kabla ya Kumpeleka Mzazi

Wengi wetu tuliofika Marekani na vyeti visivyotambulika huku tulianzia kazi katika nyumba za kulelea wazee, tukiwa na ile kozi fupi ya CNA, yaani muuguzi msaidizi mwenye cheti, ambayo sheria ya shirikisho inataka isipungue saa 75. Kwa hiyo jamii yetu ina ujuzi mwingi kuhusu nyumba hizi, ila ni ujuzi unaobaki katika vyumba vya mapumziko na ndani ya magari ya kurudi nyumbani alfajiri. Siku mzazi wa mmoja wetu anapopata kiharusi, na mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa hospitali akamkabidhi mtoto wake orodha ya nyumba akimtaka achague upesi, ujuzi huo hauonekani: familia inakwenda kutazama zulia na piano ya ukumbini, inakaribishwa kwa bashasha na mtu wa mapokezi, kisha inatia sahihi. Nimefanya kazi ya uuguzi msaidizi katika jimbo la Massachusetts kwa miaka mingi, na baadaye nikajikuta upande wa pili wa kitanda, tulipomtafutia mama mkwe wangu mahali. Nimeona kwamba matunzo mema hutegemea zaidi ya yote kama yule anayemwogesha mzee, kumlisha na kumgeuza kitandani ana muda wa kufanya hivyo, na kama anamjua mzee huyo. Maswali yote nitakayoyataja hapa yanatafuta jibu la jambo hilo.

Anza na takwimu za serikali, lakini zisome kwa jicho kali. Tangu mwaka 2008 idara ya shirikisho inayosimamia Medicare na Medicaid, yaani bima za afya za serikali, huzipa nyumba hizi nyota, kuanzia moja hadi tano, na nyota hizo hupatikana bure katika tovuti ya Medicare, sehemu inayoitwa Care Compare. Nyota ya jumla hutokana na nyota tatu ndogo: ya ukaguzi, ya wafanyakazi, na ya vipimo vya ubora. Hii ya tatu mimi huitazama mwisho, kwa kuwa sehemu kubwa ya taarifa zake hujazwa na nyumba yenyewe. Ile ya wafanyakazi ina uzito zaidi kwa sababu hutokana na kumbukumbu za mishahara, na humo utaona pia idadi ya wafanyakazi wa wikiendi na kiwango cha wanaoacha kazi. Kuhusu ukaguzi, ni vyema kujua kwamba nyota zake hulinganisha nyumba za jimbo moja tu: asilimia 10 za juu hupewa tano na asilimia 20 za chini hupewa moja. Nyota tano, basi, zinakuambia kwamba nyumba hiyo imewapita majirani zake, na majirani wenyewe huenda wakawa dhaifu.

Kilicho bora kuliko nyota ni ripoti ya ukaguzi yenyewe. Wakaguzi wa jimbo huja bila taarifa, na sheria hairuhusu miezi 15 ipite bila nyumba kukaguliwa. Ripoti ya karibuni lazima iwekwe mahali ambapo mkazi au mgeni anaweza kuisoma bila kumwomba mtu, na kwa kawaida huwa ni faili lililo karibu na mlango. Kila kosa hupewa herufi kuanzia A hadi L. Kuanzia G hadi I maana yake ni kwamba kuna mtu aliyedhurika kweli, na J, K na L ni hatari kubwa inayohitaji kuondolewa mara moja. Kosa dogo la jikoni lisikutishe, kwani sijapata kuona nyumba isiyo na kosa lolote. Soma maelezo ya kilichotokea, kisha angalia kama kosa lile lile limejirudia mwaka baada ya mwaka, kwa maana kosa linalojirudia huonyesha uongozi uliokubali kuishi nalo.

Ukifika kwenye nyumba yenyewe, tafuta ukutani karatasi inayoonyesha idadi ya wakazi na idadi ya wauguzi na CNA waliopo katika zamu hiyo. Sheria inataka ibandikwe kila siku, mahali panapoonekana. Gawanya idadi ya wakazi kwa idadi ya CNA, halafu tembea katika kila upande ukihesabu watu unaowaona kwa macho yako, kwa sababu aliyepiga simu asubuhi kusema hatakuja huenda bado yumo katika karatasi. CNA mwenye wazee wanane mchana anaweza kufanya kazi yake kwa heshima. Akiwa na kumi na watano, na baadhi yao ni wa kunyanyuliwa kwa mashine inayohitaji watu wawili, kuna mtu atakayekaa ndani ya nepi iliyolowa hadi mwenzake atakapopatikana, na hilo halitatokana na roho mbaya ya yeyote.

Zungumza na CNA, tena mbali na ofisi. Katika miji mingi ya huku ukisimama kidogo kwenye korido utasikia Kiswahili, Kikuyu au Kiganda, nawe msalimie mwenzako kama tunavyosalimiana nyumbani, umwulize habari za kazi kabla ya kumwuliza habari za nyumba. Usimwombe aseme mabaya ya mwajiri wake, maana ana kodi ya kulipa. Muulize leo ana wazee wangapi, kama wiki iliyopita alikuwa na hao hao, na amekaa hapo muda gani. Nyumba inayomwachia mfanyakazi wazee wale wale siku hadi siku humpa nafasi ya kugundua kwamba bibi fulani leo hakumaliza uji, au kwamba anaanza kuegemea upande mmoja. Nyumba inayoziba pengo kila usiku kwa watu wa ejensi, yaani wa muda wanaoletwa na kampuni ya nje, ambao hata hawajui nani hupaliwa akinywa maji yasiyofanywa mazito, haiwezi kugundua hayo, hata kama kila mmoja wa watu hao ni mchapakazi.

Ziara uliyopangiwa saa nne asubuhi siku ya Jumanne itakuonyesha nyumba katika saa yake nzuri kuliko zote. Itazame hiyo, kisha rudi Jumapili wakati wa chakula cha jioni, au karibu na saa tisa alasiri ambapo nyumba nyingi hubadilisha zamu na kengele za wagonjwa hulia bila mwenyewe. Keti kwenye korido ukiwa na saa, utazame taa iliyo juu ya mlango wa aliyeita. Dakika tano ni za kawaida. Ikifika ishirini huku watu wakipita chini ya taa hiyo bila hata kuchungulia, umepata habari ambayo hakuna mtu wa mapokezi atakayekupa. Chungulia pia kitufe cha kuitia kiko wapi, kwa maana kitufe kilichoangukia nyuma ya kitanda hakilii kamwe, na korido ya namna hiyo huonekana tulivu sana.

Harufu huwasumbua wageni kuliko inavyostahili. Harufu ya kinyesi mlangoni pa chumba kimoja maana yake ni kwamba mtu ametoka kujisaidia sasa hivi, nayo ikiisha baada ya robo saa hakuna tatizo. Harufu ya mkojo iliyoenea korido nzima na kuingia hadi kwenye viti ndiyo ya kukuogopesha, na mimi huogopa vilevile marashi makali yaliyopulizwa kila mahali.

Watazame wazee wenyewe, kwa adabu, bila kuingia chumbani mwa mtu. Kucha zimekatwa? Miwani ni safi? Meno ya bandia yako mdomoni au yamesahaulika kikombeni? Kikombe cha maji kimewekwa upande upi? Aliyepooza mkono wa kulia akiwekewa maji kuliani, amenyimwa maji, ingawa katika daftari itaandikwa kwamba amepewa. Wakati wa kula, angalia kama anayelisha ameketi, au amesimama akimimina kijiko juu ya kijiko, na kama sahani zilizojaa zinaondolewa bila mtu kuuliza kwa nini. Baadaye muulize muuguzi mkuu wanafanya nini mzee anapopungua uzito. Kupoteza asilimia 5 ya uzito ndani ya mwezi mmoja ni ishara kubwa, na muuguzi mwenye kujua kazi yake atakujibu papo hapo bila kufungua kitabu.

Muulize pia kuhusu vidonda vya kulalia, lakini uliza vizuri. Ukiuliza ni wangapi wana vidonda, utaambiwa kwamba wengi walikuja navyo kutoka hospitali, na huenda ni kweli. Uliza ni wangapi wamevipatia hapo hapo, na wasioweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya muda gani. Ukiona visigino vya mtu aliyelala vimeinuliwa kwa mto visiguse godoro, jua kuna mtu makini katika zamu hiyo. Na ukikuta sebule nzima imesinzia vitini saa tano asubuhi, nenda katika takwimu uangalie asilimia ya wakazi wa muda mrefu wanaopewa dawa za magonjwa ya akili, kwa maana kumtuliza mzee kwa dawa ili wafanyakazi wapate nafuu kumekatazwa na sheria ya shirikisho tangu mageuzi ya mwaka 1987.

Kwa wazee wetu kuna swali la lugha. Mwenye ugonjwa wa kusahau mara nyingi hupoteza kwanza Kiingereza alichojifunza ukubwani na kubaki na lugha ya utotoni, hivyo muulize msimamizi watamwita nani mzee atakaposema kwa Kiswahili kwamba kifua kinambana saa nane usiku. Mkalimani wa simu anapatikana, na nyumba inayopokea fedha za serikali inapaswa kumtumia. CNA Mkenya au Mtanzania ni baraka kubwa katika kuogeshwa na kulishwa, lakini daktari akitaka ridhaa ya tiba asifanywe mkalimani kwa sababu tu yuko karibu.

Mama mkwe tulimpeleka katika nyumba yenye nyota tatu, iliyo na zulia lililochakaa na maegesho finyu, tukaiacha ya nyota tano iliyokuwa karibu zaidi na kwetu. Katika ile ya kwanza tulikuta CNA waliokuwa hapo kwa zaidi ya miaka kumi, na mmoja wao alituambia, bila kuulizwa, ni mkazi yupi asiyependa kuamshwa mapema. Ndugu upande wa mume hawakufurahi, na mmoja alisema tumemtupa mama mahali pa hovyo, hadi alipokuja akakaa naye siku nzima.

Akishaingia, kupima kunaendelea. Jamaa wa karibu wana haki ya kumwona saa yoyote kama mwenyewe anaridhia, kwa hiyo badilisheni saa za kwenda ili zisizoeleke. Hudhurieni kikao cha mpango wa matunzo, ambao lazima upitiwe upya angalau kila miezi mitatu, mkiwa na mambo mawili matatu yaliyoandikwa na tarehe zake. Likitokea tatizo, mwoneni muuguzi wa zamu kwanza, kisha mkurugenzi wa uuguzi. Wasipotenda, kila jimbo lina ofisi ya mtetezi wa wakazi wa nyumba hizi, inayoitwa ombudsman, ambayo huduma zake hazilipiwi na namba yake ya simu lazima iwe imebandikwa ukutani humo humo.