Zinji ni babu yetu au sio?

SWALI: Habari za kazi mhariri, mwanangu kaja na daftari limeandikwa Zinjanthropus ndo binadamu wa kwanza, na mi enzi zangu nilikaririshwa hivohivo, sasa jirani anabisha eti yule sio babu yetu kabisa. Nani mkweli? Mama Shani, Tandika

JIBU: Jirani kapatia, mama. Lile fuvu la Zinji, yani huyo Zinjanthropus, mtafiti Mary Leakey alilipata Olduvai Julai 1959, lina miaka kama milioni 1.75, na siku hizi wataalamu wanamwita Paranthropus boisei, yani ndugu wa pembeni ambae ukoo wake ulikatika, hakuacha mjukuu. Magego yake makubwa balaa! Kemikali za kwenye meno zinaonyesha alikula sana mimea ya jamii ya nyasi na ndago. Tena hukohuko Olduvai, zama hizohizo, aliishi Homo habilis, aina nyingine ya binadamu wa kale mwenye ubongo mkubwa kidogo kumzidi Zinji, huyo ndo wengi wanamuweka karibu na sisi. Na zile nyayo za kale za Laetoli, kusini mwa Olduvai, zina miaka kama milioni 3.6, walioziacha walishatembea kwa miguu miwili kitambo sana kabla ya Zinji kuzaliwa, so huo ukwanza wa kwenye daftari sijui unatoka wapi. Mpeleke mtoto Makumbusho ya Taifa pale Posta akaulize mwenyewe.