Usiamini jedwali la eksirei karibu na ukingo

Kijana wetu wa labo aliingia na karatasi mkononi, umeme ukiwa ndiyo kwanza umerudi. "Yaya, hii konsantre ina chumvi kuliko makayabu."

Makayabu ni samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Ilikuwa konsantre ya zinki, yaani madini yaliyotenganishwa na mawe yasiyo na faida, unga wa kijivu unaong'ang'ania vidole. Sisi wa Lubumbashi tumezoea shaba na kobalti (jimbo zima liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997), lakini zinki nayo si mgeni: Kipushi iko kilomita 30 hivi tu kutoka hapa. Mteja alitaka kujua sodiamu, maana baadhi ya dawa za kuelesha madini huja na sodiamu ndani yake. Mashine yetu ya eksirei, ile inayopiga sampuli na kusoma miale ambayo kila elementi inarudisha, ilikuwa imetoa namba ya kuchekesha.

Kosa la kwanza lilikuwa la kawaida. Mwale wa sodiamu una nishati ya elektronivolti (eV) 1041, na zinki nayo hutoa mwale wake uitwao L kwenye 1012. Mashine isipopangwa vizuri huvichanganya viwili hivyo. Tulirekebisha, namba ikashuka, nikaenda kula bukari yangu nikidhani kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Programu ya kukokotoa ilikuwa na uwezo wa kubadilisha jedwali la ufyonzaji (orodha inayosema kila elementi inameza eksirei kiasi gani katika kila nishati, ili tufidie miale inayomezwa ndani ya sampuli), na kila nilipobadilisha, sodiamu ilibadilika pia. Sampuli ni ileile, kipimo ni kilekile, ila majibu mawili. Hapo ndipo nilipokaa nikafungua majedwali yenyewe, jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka mingi kabla.

La kwanza lilikuwa la NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, lile la Hubbell na Seltzer la 1995. La pili ni la Henke, Gullikson na Davis, la 1993, ambalo wengi wanalijua kupitia tovuti ya maabara ya Berkeley. Nenda kwenye zinki. La kwanza linaweka ukingo wa L2 (L2 na L3 ni matabaka ya elektroni; ukingo nitaueleza hapo chini) karibu na eV 1043, la pili karibu na 1045. Ukingo wa L3 uko kama 1020 katika moja, 1022 katika jingine. Sasa sodiamu yetu iko 1041. Inapita katikati ya kingo mbili, kama mtu anayejibana kati ya malori mawili sokoni Kenya (mtaa wetu, si nchi). Tofauti ya eV 2, ambayo mbali na ukingo isingemsumbua mtu yeyote, hapa ni nusu ya nafasi yote uliyobaki nayo.

Ukingo ni ile nishati ambayo mwale unapoifikia unapata nguvu ya kung'oa elektroni ya tabaka fulani, na ufyonzaji unaruka ghafla. Kwenye jedwali mruko huo ni ngazi iliyokatwa wima kwa shoka. Ndani ya madini halisi ni mteremko, wenye vilele na mabonde, na unasogea eV kadhaa kutegemea zinki imeshikana na nani: salfa, oksijeni, au zinki mwenzake. Jedwali halijui habari hizo. Limetengenezwa kana kwamba kila atomu inaishi peke yake bila jirani. Watu wa Berkeley wenyewe hawafichi: mbali na kingo dhana hiyo inafaa, lakini karibu nazo hali ya kikemia ina uzito, na inabidi kupima moja kwa moja. Maneno hayo yako kwenye ukurasa wao, nami nilikuwa nikiyaruka kila mara.

Ndani ya konsantre hili si jambo dogo. Sfalerite safi, madini ya zinki na salfa, ni zinki asilimia 67 kwa uzito, hivyo ukikosea ufyonzaji wa zinki umekosea karibu hesabu yote. Halafu mwale wa sodiamu unatoka kwenye mikromita chache tu za juu ya pastili, kile kidonge cha unga ulioshindiliwa. Alama ya kidole chenye jasho inatosha kuharibu siku.

Shaba ni mbaya zaidi, na hii nawaambia hasa vijana wanaoandaa filamu nyembamba za kupeleka kwenye sinkrotroni, mashine kubwa zinazotoa eksirei kali. Ukingo wa L3 wa shaba kwenye majedwali uko karibu na eV 933. Lakini shaba iliyooksidika, kama CuO, ina kilele kikali karibu na 931, yaani kabla ya ukingo wa jedwali! Pale jedwali linapokuambia filamu inapitisha mwanga wa eksirei vizuri, ndipo inapomeza. Na jedwali la NIST linaanzia eV 1000, kwa hiyo kwa ukingo wa L3 wa shaba au wa kobalti (778) haliwezi kukusaidia kitu. Usilivute kwa rula kwenda chini. Nimeona mtu akifanya hivyo, nami nilikuwa karibu kumfuata.

Kingine ni nukta. Jedwali la Henke linakwenda eV 10 hadi 30,000 kwa nukta 500 na kidogo, zimepangwa kwa logi, yaani nafasi kati yake inakua kadiri nishati inavyopanda. Kwenye eV 1000 nukta mbili jirani zimeachana kama eV 15. Wameongeza nukta pembeni mwa kingo zenyewe, ndiyo, lakini umbo la vilele halimo. Mchoro laini unaouona kwenye skrini ni mistari iliyounganishwa tu.

Nifanyeje basi? Kabla ya kukokotoa, naandika kwenye daftari nishati ya mwale wangu na kingo zote za elementi zilizomo kwenye sampuli. Zikiwa zimeachana kwa mamia ya eV, natumia jedwali lolote zuri bila wasiwasi. Zikiwa ndani ya makumi, nalinganisha majedwali mawili, nikikumbuka kwamba kukubaliana si ushahidi: XCOM (jedwali jingine la NIST) na lile la Hubbell na Seltzer yote yanabeba hesabu zilezile za Scofield za 1973. Ni kama kuuliza ndugu wawili waliosikia habari kwa mama mmoja. Na hesabu ya kupita mwanga ni kali: ufyonzaji ukiwa 3 kwenye kipeo (mwanga unaopita ni e⁻³), kosa la asilimia 10 linashusha mwanga kutoka asilimia 5 hadi 3.7.

Zikiwa ndani ya eV chache, naliacha jedwali. Natafuta sampuli ya rejea yenye madini yaleyale, au nayeyusha kwa borati kuwa kidonge cha kioo ili zinki zote ziwe katika hali moja. Salfaidi ioksidishwe kwanza, la sivyo itakula chombo chako cha platini, na bei yake haisemeki.

Ile sodiamu? Tuliyeyusha unga kwa asidi tukaipima kwa mwali wa moto, kwenye ile rangi ya manjano ya nanomita 589. Kijana alisimama akiangalia mwali. "Kumbe si makayabu," akasema, akaandika namba kwenye karatasi mpya.