Mkuu usikodi wapishi, fika tarehe 18

Mkuu acha. Kama hujatuma advansi ya wapishi usitume, na kama umeshatuma piga simu leo uombe irudi, hata wakikata kidogo kubali tu.

Nimesoma posti yako mara mbili. Unapeleka mke na watoto kwenu Rombo, Kilimanjaro, Krismasi kwa mara ya kwanza, umeuliza ukodi wapishi na turubai kutoka Moshi mjini ili mama asichoke, mlale hoteli au nyumbani, mwende na gari au basi, na mama umpelekee nini. Hayo mengine wadau watakujibu, mimi nimekwama hapo kwenye wapishi kwa sababu "ili mama asichoke" ni maneno yangu kabisa ya Desemba 2016, na nimeyalipia kuliko kitu chochote nilichowahi kununua.

Mimi nilidanganywa na jamaa mmoja niliyekuwa nafanya naye kazi Dar. Sio Mchagga kama sisi, hajawahi kukanyaga kihamba (shamba la migomba la ukoo) maisha yake yote, lakini mjuaji ile mbaya. Akaniambia kaka umefanya kazi mwaka mzima, unaendaje kumtesa bi mkubwa na moshi wa kuni, mtu mwenye heshima yake analipa watu wanapika, mama anakaa kitini anakula na wajukuu. Na namba ya wapishi akanipa yeye. Nikaona kweli bwana, huko ndo kumpenda mama. Mpaka leo nikikumbuka alivyokuwa anaongea kwa uhakika napata hasira, mtu anakupangia sikukuu ya kwenu wakati hajui hata mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, inachukua siku ngapi.

Sasa sikia ilivyokuwa. Krismasi mwaka ule iliangukia Jumapili. Tumetoka Dar Jumamosi alfajiri, mimi, mke na watoto wawili, foleni kuanzia Chalinze, Segera tumesimama, Same giza limeshaingia, nyumbani tumefika saa 4 usiku watoto wamelala wanabebwa. Mama yuko macho anatusubiri jikoni kwake, moto unawaka, kuna sufuria ya mtori ameiweka pembeni ya mafiga isipoe. Tumekula vijiko viwili vitatu tukaenda kulala kwa uchovu. Kwenye kona ya jiko kulikuwa na pipa limefunikwa na majani ya mgomba na mimi sikuuliza ni la nini. Mtu mzima, mtoto wa Rombo, napita pembeni ya pipa la mbege sikuuliza!

Asubuhi saa 11 na nusu wapishi wakafika na kirikuu chao, turubai, viti vya plastiki, masufuria, spika mbili. Na hapa ndo pakaharibika.

Mama alikuwa na beberu ndani, anamnenepesha tangu Pasaka. Anamkatia majani yeye mwenyewe na mgongo wake ule, anampa maganda ya ndizi, magadi, analala naye nyumba moja. Yule beberu hakuwa nyama, alikuwa mwaka mzima wa mama. Na kwetu, kama unajua unajua, mbuzi wa sikukuu hachinjwi na yeyote. Kuna anayechinja, kuna anayegawa, na kila kiungo kina mwenyewe, kuna fungu la mama, kuna la mashangazi walioolewa, kuna la wazee wa ukoo, hata kijana aliyeshika miguu ana kipande chake anakijua. Kila ukoo una mpango wake, wa Kibosho atakwambia tofauti na sisi, lakini hakuna ukoo ambao mbuzi ni mbuzi tu. Baba yangu alishatangulia, kwa hiyo mwenye kisu ni baba mdogo. Na yeye huwa anakuja baada ya misa ya kwanza, anatembea taratibu na fimbo yake, kisu kakifunga kwenye kitambaa.

Wale wapishi hawajui habari hiyo. Mkubwa wao kaniuliza bosi nyama iko wapi, mimi nikaonyesha kidole alipofungwa beberu. Basi. Saa 2 asubuhi tunatoka kanisani beberu keshakuwa vipande vidogo vidogo kwenye beseni, kichwa kimetupwa pembeni, damu imemwagwa chini kwenye migomba (kisusio, ile supu ya damu, kimekwenda hivyo), mifupa yote imekatwa kwa panga hujui ubavu ni upi na mgongo ni upi. Wameshakaanga vitunguu vya pilau.

Baba mdogo akaja. Mimi nimesimama getini nimevaa shati jipya. Akaangalia beseni, akaangalia turubai, akanisalimia vizuri tu, akauliza watoto wanaendeleaje. Akakaa kama dakika kumi. Wakamletea pilau kwenye sahani ya plastiki, nyama vipande vitatu. Akala kidogo, akashukuru, akaondoka na kisu chake kwenye kitambaa kama alivyokuja nacho. Hakugomba, na bora angegomba.

Na mama je? Mama ndo hasa ninayetaka umfikirie mkuu. Nilimkalisha kiti cha mbele kabisa chini ya turubai, kavaa kitenge kipya nilichomletea, mikono ameiweka mapajani. Kila akiinuka naye namwambia mama kaa, leo ni siku yako. Akaenda jikoni kwake, yule mkubwa wa wapishi akamwambia bibi hapa patakuchafua. Jikoni kwake! Akarudi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa mimi nifanye nini?" Mimi nikacheka, nikamwambia usifanye chochote mama, ufurahi. Sikuelewa kabisa anachoniuliza, nimekuja kuelewa baadaye sana.

Wageni walipokuja nikawa nagawa bia na soda kwenye kreti. Mbege haikuguswa na mtu. Mama alianza kupika zile ndizi tarehe 20 peke yake, kakesha na moto, ulezi kauotesha kausaga mwenyewe, msesewa, lile gome chungu la kutia kwenye mbege, katafuta mwenyewe, zote akifikiria tunakuja. Na ile mbege ikikaa inachachuka, haikusubiri kama bia. Tarehe 27 asubuhi tunapakia mizigo kwenye gari namuona kwa mbali anamwagia migomba kwa ndoo, ndoo baada ya ndoo. Mke wangu akaniuliza mama anamwagilia maji asubuhi yote hii? Nikamwambia ndiyo.

Jumla ilinitoka kama milioni 2 na laki 3 hivi. Ila hela inatafutwa mkuu, mimi kilichoniuma ni kwamba mke wangu alikaa nyumbani kwetu siku mbili na nusu na hakukaa na mama hata dakika 10 wawili tu. Ndizi hazikumenywa pamoja. Wanawake wa kwetu wanaongea wakati wa kumenya ndizi, huko ndiko mkwe anaambiwa kila kitu, mume wako alipokuwa mdogo alikuwa hivi, shangazi yule ongea naye hivi, mtoto akiumwa tumbo fanya hivi. Watoto wangu wamerudi Dar wanasimulia spika.

Baba mdogo hakuja kwetu miezi 11. Mjomba ndo akaniita akaniambia kijana hii haiishi kwa simu. Desemba 2017 nikachukua likizo, nikafika tarehe 18, nikatafuta mzee anitangulie, tukaenda na isale na mbege. Kwa ambao sio wa kwetu, isale ni lile jani tunapanda kwenye mipaka ya kihamba, ukimpelekea mtu umekiri kosa unaomba yaishe, na mtu mwenye utu wake halikatai. Alilipokea. Akaniambia nilikuwa nakusubiri. Krismasi ile akaja na kisu chake, na iliyofuata akaja, halafu 2019 katikati tukamzika. Kwa hiyo ile ya wapishi niliiondoa kwenye hesabu ndogo tuliyokuwa tumebakiza naye, na hiyo haina advansi ya kurudishiwa.

Sasa kanuni yangu ni moja tu na nitairudia mpaka uchoke: fika kabla ndizi za mbege hazijawekwa motoni. Sio tarehe 24, sio 23. Mbege ya tarehe 25 ndizi zake zinapikwa 19 au 20, zinachemka masaa mpaka zinabadilika rangi, zinakaa siku kadhaa, ndipo zinachujwa na kuchanganywa na uji wa ulezi mkesha wa sikukuu. Ukifika 18 umeingia kwenye kazi tangu mwanzo na mama hana haja ya kuchoka, kwa sababu wewe upo. Kama unamuonea huruma mgongo wake pasua kuni. Beba maji. Kata majani ya ng'ombe. Ile pesa ya wapishi lipa mabinti wawili wa jirani wamsaidie, lakini yeye ndo awaongoze, mwiko ubaki mkononi mwake.

Na wewe mwenyewe utafaidi aisee. 2017 asubuhi kuna baridi, Kibo, kilele cha mlima wetu, imetoka nyeupe kabla mawingu hayajaifunika, nimekaa nje na chai ya maziwa ya ng'ombe wetu, binti yangu wa miaka 6 anafundishwa na bibi yake kumenya ndizi mshare, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu, bibi anampaka mafuta. Kijana kashinda mferejini na binamu zake anazuia maji na udongo, jioni karudi tope mpaka masikioni. Tumesafisha makaburi pamoja, nimewaonyesha babu yenu huyu, na huyu ni baba yake. Usiku wa tarehe 24 mbege imechanganywa, bado tamu haijakolea, mama anawaonjesha wajukuu kidogo kwenye kata, wananyang'anyana. Mke wangu na mama wako jikoni moshi umejaa, wanacheka kitu ambacho mpaka leo hawajaniambia.

Najua kuna watu watakuja hapa kusema hayo ni mambo ya kizamani na mama zao wanapenda turubai. Sawa, kama mama yako kaomba turubai kwa mdomo wake mletee turubai. Muulize lakini. Mimi sikuuliza.

Umeuliza gari au basi, treni nayo ilirudi mpaka Moshi mwishoni mwa 2019, mimi sijaipanda, chochote kitakachokufikisha tarehe 18 panda. Hoteli usilale kabisa, mambo mengi yanatokea kuanzia saa 11 alfajiri na baada ya saa 3 usiku na wewe utakuwa mjini.

Sasa fanya hivi, mpigie mama jioni hii. Usimwambie habari za wapishi. Muulize beberu anaendeleaje, muulize ndizi za mbege ameshakata au bado ziko shambani, na nani atashika kisu mwaka huu. Halafu rudi hapa utuambie amejibu nini.