Ushindani Uliosimama Mbali na Mnunuzi: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Tiketi za Matamasha

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mtanzania ninayeishi Houston, Texas. Hivi karibuni niliwanunulia wanangu wawili tiketi za tamasha la muziki, na nilipousoma mchanganuo wa bei nikakuta ada ya huduma inakaribia robo ya fedha zote nilizolipa. Nikatafuta muuzaji mwingine mwenye bei nafuu, sikumpata ila walanguzi. Nguo ikiwa ghali duka la kwanza nahamia la pili. Kwa nini kwenye tiketi siwezi kufanya hivyo? – M. S.

JIBU: Ndugu M. S., hujafanya kosa lolote katika kutafuta kwako. Huko Marekani mnunuzi hamchagui muuzaji wa tiketi. Anayemchagua ni mwenye ukumbi au uwanja. Kwa kawaida ukumbi hufunga mkataba na kampuni moja tu ya tiketi, mkataba wa miaka kadhaa unaozuia kampuni nyingine kuuza tiketi za matamasha ya ukumbi huo. Kampuni nayo huulipa ukumbi fedha nyingi mwanzoni, kisha huurudishia sehemu ya kila ada inayotozwa. Ushindani upo, lakini ni wa kuwania mkataba wa ukumbi, na ukumbi hauna sababu ya kuipendelea kampuni yenye ada ndogo kwa kuwa ada kubwa huuongezea mapato. Wewe unayelipa hukuwamo walipokubaliana.

Utaratibu huu una historia. Ticketmaster ilianzishwa Arizona mwaka 1976, wakati ambapo kampuni za tiketi ziliwatoza wenye kumbi kwa huduma zao. Fred Rosen, aliyeshika uongozi wa kampuni hiyo mwaka 1982, aliugeuza mtindo huo: badala ya kuutoza ukumbi, Ticketmaster ikaanza kuulipa, na mzigo wote ukamhamia mnunuzi kwa njia ya ada. Wenye kumbi waliupokea mpango huo kwa mikono miwili. Mpinzani mkubwa wa wakati huo, Ticketron, alidhoofika hadi mali zake zikanunuliwa na Ticketmaster mwaka 1991. Miaka 3 baadaye bendi ya Pearl Jam, iliyotaka mashabiki wake wauziwe tiketi kwa bei isiyofika dola 20, ilipeleka malalamiko Wizara ya Sheria, na wanamuziki wake wawili wakatoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge; uchunguzi ulifungwa mwaka 1995 bila hatua yoyote kuchukuliwa. Hiyo robo uliyoikuta si ajabu: ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani iliripoti mwaka 2018 kwamba ada katika mauzo ya kwanza, yaani kabla tiketi haijauzwa tena na walanguzi, zilifikia wastani wa asilimia 27 ya bei ya tiketi.

Tangu Mei 2025 kanuni ya serikali kuu inawataka wauzaji waonyeshe bei kamili tangu mwanzo. Naiunga mkono kanuni hiyo, ila yenyewe haikupi muuzaji wa pili.

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba Ticketmaster iliungana na Live Nation kwa ridhaa ya serikali ya Marekani yenyewe, kisha serikali hiyohiyo ikaishitaki kampuni iliyozaliwa na muungano huo. Ikiwa hatari ilionekana, kwa nini waliruhusu? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Waliruhusu kwa masharti, na kwa maoni yangu kosa lilikuwa katika aina ya masharti yenyewe.

Kampuni hizi mbili hazikuwa zikifanya kazi ileile. Live Nation, iliyojitenga na kampuni ya redio ya Clear Channel mwaka 2005, iliandaa matamasha na kumiliki kumbi. Ticketmaster iliuza tiketi. Wauza unga wawili wa mtaa mmoja wakiungana, kila mtu huona mara moja kwamba mnunuzi amepoteza duka moja. Lakini mwenye kinu akiungana na mwenye malori yanayosafirisha unga wa vinu vyote, hesabu ya maduka haibadiliki, na hatari yake haionekani hadi siku vinu vingine vitakapokosa usafiri. Muungano wa 2010 ulikuwa zaidi wa namna hii ya pili. Tena Live Nation ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuuza tiketi zake yenyewe, kwa hiyo mpinzani aliyekuwa akichipua alitoweka palepale.

Wizara ya Sheria ilidai mambo matatu makubwa: programu ya tiketi ya Ticketmaster itolewe kwa leseni kwa AEG, ambaye ni mwandaaji mshindani, kitengo chake cha tiketi kilichoitwa Paciolan kiuzwe, na kwa miaka 10 kampuni mpya isiulipize kisasi ukumbi wowote utakaochagua muuzaji mwingine wa tiketi. Hilo la tatu ndilo lililobeba uzito wote, nalo ndilo gumu kusimamia. Meneja wa ukumbi hahitaji kutishwa kwa maandishi. Anajua kwamba kampuni inayomletea wasanii ndiyo inayotaka kumuuzia tiketi, na anajua matamasha yanaweza kupelekwa ukumbi wa jirani bila mtu kutoa sababu. Mwishoni mwa mwaka 2019 Wizara yenyewe ilieleza kwamba kampuni ilikuwa imekiuka masharti hayo mara kadhaa, na dawa iliyotolewa ikawa kuyaongezea muda wa miaka 5 na nusu. Mtu aliyevunja ahadi aliombwa aahidi tena.

Umma ulilielewa jambo hili Novemba 2022, tiketi za ziara ya Taylor Swift zilipouzwa. Wengi walizungumzia mitambo iliyoelemewa na uuzaji wa wazi uliofutwa, lakini liko jambo lililonishughulisha zaidi ya hayo. Ziara ile haikuandaliwa na Live Nation. Mwandaaji alikuwa mshirika wa AEG, yaani mpinzani wake mkuu. Hata hivyo sehemu kubwa ya tiketi ilipita Ticketmaster, na AEG ilieleza hadharani kwamba haikuwa na hiari, kwa kuwa viwanja vingi vilikuwa na mikataba ya kipekee na kampuni hiyo. Fikiria hali hiyo: unashindana na mtu, na kila tiketi unayoiuza inamwingizia yeye ada, huku akijua umeuza ngapi na wapi. Januari 2023, katika kikao cha kamati ya Seneti, mkuu wa kampuni ya tiketi ya SeatGeek alieleza kwamba wenye kumbi huogopa kukosa matamasha ya Live Nation wakihama Ticketmaster.

Mei 2024 Wizara ya Sheria, pamoja na majimbo kadhaa, ilifungua shauri New York dhidi ya Live Nation na kuomba Ticketmaster itenganishwe nayo. Hati ya mashitaka ilidai kwamba kampuni hiyo inashika asilimia 80 au zaidi ya mauzo ya kwanza ya tiketi katika kumbi kubwa za matamasha, inaandaa takriban asilimia 60 ya matamasha ya kumbi kubwa, inamiliki au kudhibiti kumbi zaidi ya 265 Amerika Kaskazini, na inawasimamia wanamuziki zaidi ya 400. Kwa haki niseme kwamba Live Nation inakanusha kuwa ni mkiritimba, na husema kwamba ada hupangwa na kumbi na kwamba kumbi ndizo huchukua sehemu kubwa ya ada hizo. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, nami nimeieleza katika jibu la kwanza. Lakini haina nguvu ileile pale ambapo mwenye ukumbi, mwandaaji na muuza tiketi ni kampuni moja.

SWALI: Mimi na wenzangu wawili hapa Mwanza tunatengeneza programu ya kuuza tiketi kwa simu. Je, sheria ya Tanzania inaweza kutulinda kampuni kubwa ikija kufunga milango? – Kijana wa Mwanza

JIBU: Inaweza, mradi uielewe inavyofanya kazi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, haimwadhibu mtu kwa ukubwa wake. Inamhesabu kuwa na nguvu kubwa ya soko sehemu yake ya soko husika inapopita kiwango kilichowekwa na sheria na wakati huohuo akawa na uwezo wa kubana ushindani kwa faida. Kosa ni kuitumia vibaya nafasi hiyo. Miungano inayovuka kiwango kilichowekwa lazima iarifiwe kwa Tume kabla ya kukamilishwa.

Kazi yenu kubwa iko kwenye kumbi. Mkimwendea mwenye ukumbi, mwulizeni mapema kama amefungwa na mkataba wa kipekee, wa miaka mingapi, na kama amepokea fedha za awali zinazomzuia kuhama. Akiwajibu kwamba anaipenda programu yenu ila anaogopa kunyimwa wasanii, andikeni tarehe, mahali na maneno aliyoyasema. Tume hupokea malalamiko, na lalamiko lenye kumbukumbu za namna hiyo huwapa wachunguzi pa kuanzia.